Naomba ushauri: namna ya kupata vitabu vya maktaba ya chuo kikuu nikiwa Tanga

Mwana Makorora (mleta mada)

Wakuu, salaam. Ninaishi Makorora, hapa Tanga mjini, na ninaandika tasnifu ya shahada ya uzamili katika chuo kikuu kimoja kilichoko Dar es Salaam. Mada yangu ni maisha ya vibarua wa mashamba ya mkonge tangu Vita Kuu ya Pili hadi Azimio la Arusha. Sura mbili nimezimaliza. Ya tatu imekwama, kwa sababu inahitaji vitabu vitatu vya zamani ambavyo katalogi ya mtandaoni inaonyesha kwamba vipo rafuni, nami sina njia ya kuvitia mkononi. Kusafiri kila wiki siwezi, maana nina mtoto anayenyonya na kazi ya kufundisha asubuhi, na msimamizi wangu anaitaka sura hiyo kabla ya mwisho wa mwezi ujao.

Naomba kujua kama inaruhusiwa mtu mwingine kuniazimia vitabu na kunitumia kwa basi. Kama maktaba ya chuo kingine inaweza kunisaidia. Na kama ni kosa kubwa kutumia kadi ya binamu yangu, ikiwa mwenyewe ameridhia kwa moyo mweupe. Usingizi sipati. Natanguliza shukrani.

Bwana Segera

Habari yako dada. Kwa upande wa basi ondoa shaka: mzigo ukipakiwa Dar es Salaam asubuhi, alasiri unaupokea stendi ya Kange. Ila usikubali kitabu kiwekwe buti. Mimi niliwahi kutumiwa kamusi kubwa, ikawekwa chini ya ndoo ya samaki ya abiria mmoja, na mpaka leo nikiifungua kwenye herufi M nasikia harufu ya ng'onda. Mwambie anayekutumia akifunge kwa nailoni mara mbili, amkabidhi kondakta mkononi, na akupigie simu akutajie namba ya gari.

Mkutubi Mstaafu

Binti yangu, nimefanya kazi maktabani kwa miaka mingi, kwa hiyo niruhusu nianze na utafutaji kabla ya kuazima, kwa kuwa nimeona wanafunzi wengi wakihangaikia kitabu kimoja ilhali vingine vinne vinavyowafaa zaidi vimelala rafu ya jirani. Vitabu vya mkonge havikai mahali pamoja. Katika mpangilio wa Maktaba ya Bunge la Marekani, unaotumiwa na maktaba nyingi za vyuo vikuu, kitabu cha upandaji wa mkonge kitakuwa SB, cha biashara yake na vibarua wake kitakuwa HD, na kinachosimulia historia ya nchi kitakuwa DT. Ukienda kwenye maktaba ya umma inayotumia mpangilio wa Dewey, habari za historia ya Tanzania utazitafuta kwenye 967.8. Tena usiandike neno Tanzania peke yake katika katalogi. Jina hilo halikuwapo kabla ya mwaka 1964; vitabu vya nyuma ya hapo viliingizwa kwa jina la Tanganyika, na vya Wajerumani kwa jina la Deutsch-Ostafrika. Andika pia sisal, kwa sababu aliyeviingiza hakuwa akifikiri kwa Kiswahili.

Kuhusu kuazimana baina ya maktaba, msomaji haiandikii maktaba ya mbali yeye mwenyewe. Mkutubi wa maktaba yake ndiye hujaza maombi, akataja mwandishi, mwaka, mchapishaji na kurasa zinazohitajika, na mara nyingi kinachotumwa ni nakala ya sura moja, si kitabu kizima. Kama haja yako ni sura moja, omba sura moja. Utapata haraka zaidi. Wala usidharau vilivyo karibu nawe. Maktaba ya Mkoa iko hapo mjini, Chuo Kikuu Huria kina kituo chake Tanga, na Mlingano, kwenye utafiti wa mkonge wenyewe, ni Muheza tu hapo.

Hata hivyo jambo moja limenisimamisha. Umeuliza kadi ya binamu. Kadi yako ina nini?

Mama wa Duga

Mwanangu, kadi ya mtu ni jina la mtu. Kaka yangu mmoja alimpa rafiki yake kadi ya maktaba wakati wakisoma, rafiki akaazima vitabu viwili vya uhasibu akahamia mkoa mwingine, na siku kaka alipokwenda kuchukua cheti chake aliambiwa anadaiwa vitabu. Alihangaika miezi minne. Mama yetu aliuza kuku na kitenge ili vilipwe vitabu ambavyo hakuna aliyevisoma nyumbani kwetu. Rafiki mwenyewe walikuja kukutana msibani, akasalimia kama hakuna kitu. Usimtie binamu yako katika jambo hilo hata kama ameridhia, kwa sababu ameridhia kwa kukupenda, hakuridhia kwa kulijua.

Mwana Makorora

Nawashukuru wote, na hasa Mkutubi Mstaafu kwa maelezo ya DT na HD, ambayo hakuna aliyewahi kunieleza. Kadi yangu ina tatizo dogo tu la kimfumo, wanashughulikia. Naomba turudi kwenye swali: je, binamu akiazima kwa jina lake, akavisoma yeye kisha akanipitishia mimi, hilo pia lina kosa?

Mkutubi Mstaafu

Mfumo haufungi kadi ya mtu kwa kupenda. Huifunga kwa sababu ya ada ambayo haijalipwa, usajili uliokwisha muda, au kitabu ambacho hakijarudi. Ni kipi katika hivyo vitatu?

Mwana Makorora

Ni cha tatu. Niliazima kitabu mwezi wa tatu na hakijarudi, na sasa tuko mwezi wa kumi na moja. Faini imeshapita nauli ya kwenda Dar es Salaam na kurudi mara tatu. Sikutaka kulieleza hapa kwa sababu nimekwishalipatia njia: nitaandika barua kwamba kitabu kimepotea, nitalipa gharama watakayopanga pamoja na faini, kadi itafunguliwa, na nitaweza kugongewa muhuri kwenye fomu ya kumaliza chuo. Ninachohitaji kwenu ni namna ya kuvipata vile vitabu vitatu kabla mambo hayo hayajakamilika. Kulipa nitalipa, simdhulumu mtu.

Kijana wa Chuda

Dada, sisi watu wa Tanga tunasifika kwa waja leo waondoka leo, wewe kitabu cha watu umekikaribisha tangu masika mpaka vuli. Lakini umeandika "nitaandika barua kwamba kimepotea", hukuandika "kimepotea". Kiko wapi?

Mwana Makorora

Kiko Muheza, kwa mzee mmoja niliyekuwa nikimhoji kwa ajili ya utafiti.

Nitaeleza yote, kwa kuwa nimekwishaanza. Mzee huyo anakaribia miaka 80, na baba yake alitoka Kigoma kuja kukata mkonge. Siku ya mahojiano ya pili nilikwenda na kitabu ili aniambie ni mashamba yapi yanayoonekana kwenye picha. Alikuwa akifunua pole pole, akitaja majina ya mashamba kwa kuangalia tu paa la kiwanda. Alipofika kwenye picha ya wakataji watano waliosimama mbele ya mstari wa mkonge, alinyamaza. Akaenda ndani, akarudi na miwani nyingine, akauweka ukurasa karibu na mlango penye mwanga. Wa pili kutoka kushoto ni baba yake. Hana kofia, ana kitambaa amekizungusha kwenye kidole gumba cha mkono wa kushoto, na mzee alinionyesha kovu alilolikumbuka kwenye bega. Chini ya picha mwandishi hakutaja jina la mtu hata mmoja. Ameandika tu kwamba ni wakataji wa mkonge kazini.

Aliniomba nimwachie kitabu wiki moja ili awaonyeshe dada zake walioko Korogwe. Nilimwachia. Niliporudi alikuwa amechora mshale kwa kalamu ya wino wa buluu, kuanzia ukingo wa ukurasa mpaka kwenye miguu ya yule mtu, na pembeni ameandika jina kamili la baba yake, na chini yake: *Huyu ni baba yangu*. Ameandika kwa kukandamiza, mpaka wino umetokea upande wa pili juu ya jedwali la bei. Sikuwa na la kumwambia. Tangu siku hiyo kila nikienda kukichukua namkuta ana mgeni anayeonyeshwa picha, narudi mikono mitupu.

Nikikirudisha kikiwa vile, nitaandikiwa kuharibu mali ya chuo. Nikisema kimepotea, nitalipa na mzee atabaki na picha pekee ya baba yake iliyopo duniani. Mimi naona haki yake juu ya kitabu kile ni kubwa kuliko ya rafu ambayo, kwa mihuri ya tarehe iliyomo, haikumpa mtu kitabu hicho tangu 1987 hadi nilipokichukua mimi. Kama mna njia iliyo bora zaidi, nielezeni.

Mjukuu wa Manamba

Nimesoma nikaweka simu chini kwanza. Babu yangu pia alikuja kwa mkataba. Wasiojua, waliitwa manamba kwa sababu kila mtu alipewa namba, na katika vitabu vya shamba namba ndiyo iliyoandikwa kwanza. Ofisi iliyowakusanya vibarua kutoka mikoani na nchi jirani, SILABU, ilianzishwa na wenye mashamba mwaka 1944. Walifanya kazi kwa kipande: kadi ya siku 30 za kazi, na siku ambayo hukumaliza ngwe yako haikuhesabiwa hata kama ulishinda juani. Majani yalifungwa thelathini thelathini. Babu alikuwa na tabia ambayo hatukuielewa tukiwa wadogo: akituhesabia kitu chochote, iwe mahindi au embe, akifika 30 alitenga fungu na kuanza upya. Picha yake hatuna hata moja. Mwachie mzee kitabu chake, dada.

Mwalimu wa Pongwe

Sikubaliani na ndugu yangu hapo juu, pamoja na huruma yote. Kitabu kile si cha mleta mada hata aweze kukigawa. Mwanafunzi atakayekuja mwakani na mada kama yake atakikuta kwenye katalogi, atapanda hadi ghorofani, atapekua rafu mbili huku na mbili huko akidhani kimepangwa vibaya, kisha ataondoka. Mimi nilikuwa mwanafunzi huyo. Kitabu nilichokitafuta kiliandikwa "kipo" muhula mzima, na nilikuja kukiona miaka kadhaa baadaye kwenye kabati la sebuleni kwa mtu mwenye cheo, kimesimama kati ya vikombe vya mashindano ya bao. Mtu huyo naye alikuwa na sababu yake nzuri. Tena barua ya kusema kimepotea ni uongo ulioandikwa na kutiwa saini, na wewe ni mwalimu.

Mchunguzi wa Raskazone

Wana jukwaa, naomba tusimame kidogo kabla ya kuendelea kulia. Vitabu vya zamani vinavyohusu Tanganyika, katika maktaba kubwa, hutengwa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mfano, kina mkusanyiko wake wa East Africana, na vitabu vya aina hiyo husomwa mle mle ndani. Mleta mada anataka tuamini kwamba kitabu cha namna hiyo alikitia kwenye mkoba akapanda nacho basi hadi Muheza. Pia tazameni jinsi kisa kilivyokaa: kwanza kilikuwa tatizo la mfumo, kisha kimepotea, kisha kiko kwa mzee, kisha kuna wino. Kila akibanwa kinanoga zaidi.

Na kuna jambo zito kuliko hayo. Tasnifu yake inahusu maisha ya vibarua wa mkonge. Hapa tayari mtu amemwaga habari za babu yake, kipande, majani thelathini, mahindi na embe. Nina wasiwasi kwamba hakuna mzee wala kitabu, na kwamba uzi huu wenyewe ndio utafiti.

Mjukuu wa Manamba

Kama ni hivyo, nasema wazi kwamba habari za babu yangu sikuzitoa ziandikwe mahali popote. Mleta mada ajibu.

Mama wa Duga

Mchunguzi, tangu lini mtu anayesema uongo akajitungia uongo unaomwaibisha mwenyewe? Angetaka kutusisimua angejifanya aliibiwa. Lakini binti naye ajibu, kwa sababu neno likishatamkwa halikai kimya.

Mwana Makorora

Nimesoma maneno ya Mchunguzi usiku wa manane na yameniuma, ila nakiri kwamba mlango wa kuyaingiza niliufungua mwenyewe nilipoficha mwanzoni. Nitajibu yote.

Ni kweli maktaba yetu ina chumba maalumu, na nakala ya kwanza ya kitabu hicho imo humo na haitoki. Hii ni nakala ya pili, na ilikuwa kwenye rafu za kawaida za HD. Jalada lake ni la kitambaa cha kijani kilichopauka mgongoni, namba ya kitabu imeandikwa kwa mkono kwa rangi nyeupe, na nyuma kuna kile kibahasha cha karatasi cha kuwekea kadi ya zamani, na kadi yenyewe bado imo. Kwenye karatasi ya tarehe kuna mihuri saba. Wa saba ni wangu. Leo mchana nilikwenda Muheza, mzee akaniruhusu kupiga picha. Nimeiweka hapa chini: jalada, karatasi ya mihuri, na ukurasa wenyewe. Jina la baba yake nimelifunika kwa kipande cha karatasi, kwa kuwa hakuniruhusu kulionyesha kwa watu nisiowajua.

Ndugu Mjukuu, sitaandika neno lako hata moja. Ninaowahoji huwasomea fomu ya ridhaa, hutia saini au dole gumba, na hubaki na nakala yao. Kama siku moja utapenda kuzungumza nami kwa utaratibu huo, nitashukuru. Usipopenda, nitakuheshimu vile vile.

Mchunguzi wa Raskazone

Picha nimeziona, na mihuri nimeihesabu. Kuhusu kitabu sina neno tena, na namwomba radhi mleta mada. Kuhusu barua ya kusema kimepotea, bado nasimama na Mwalimu.

Mkutubi Mstaafu

Nimekaa kimya nikisubiri picha hizo. Sasa nisikilize, binti yangu, na usiandike barua ile.

Kuandika kwenye kitabu cha maktaba ni uharibifu, na utatozwa kwa hilo, sitakudanganya. Lakini wino ule usijaribu kuufuta, wala usimruhusu mtu mwingine aufute, kwa dawa wala kwa kisu. Mwandishi alikuwa na wakataji watano na hakuandika jina la hata mmoja. Nakala ile sasa ndiyo pekee inayoeleza mmoja wao ni nani, na imeelezwa na mtoto wake. Katika miaka yangu ya kazi nimewahi kuona kitabu chenye maandishi ya pembeni kikihamishwa kutoka rafu za kawaida na kupelekwa chumba maalumu kwa sababu ya maandishi yale yale yaliyomgharimu msomaji faini. Mwombe mzee aeleze kwa ukamilifu, kwenye karatasi tofauti, jina la baba yake, alikotoka, shamba alilofanyia kazi na miaka anayoikumbuka. Atie saini na tarehe, nawe uiambatishe. Barua yako iwe ya kueleza hayo, na kuomba mambo mawili: faini ipunguzwe, na mzee apewe nakala safi ya picha hiyo iliyopigwa kwa mashine ya maktaba. Ya simu haitoshi, itamtoa baba wa watu kama kivuli.

Na kabla ya vyote, mpigie mkutubi wa zamu. Kitabu kinachotangulia kutajwa na mwenye kukiazima hupokewa tofauti na kitabu kinachofichuliwa.

Kijana wa Chuda

Mzee wetu amenifundisha. Dada, ukienda Muheza usiende peke yako wala usiende kama mdai. Nenda na mtu mzima, na mkono usiwe mtupu.

Mwana Makorora

Wakuu, naleta mrejesho.

Nilipiga simu Jumatatu. Mkutubi niliyezungumza naye hakufoka. Aliniuliza kama kurasa zote zipo, na kama kitabu kimelowa. Alisema kadi haitafunguliwa mpaka kitabu kiwe mezani kwake, na kwamba suala la wino litapelekwa kwa wakubwa zake pamoja na barua yangu. Vitabu vitatu ninavyovihitaji amenitengea hadi Ijumaa, na kimoja kati ya hivyo nilikuwa nimekosea mwaka wa toleo, kumbe toleo la baadaye lina sura nzima juu ya nyumba za vibarua ambayo la kwanza halina.

Jana nilikwenda Muheza na mama yangu, tukachukua mchele na sukari. Hatukusema habari ya kitabu mpaka chai ilipokwisha. Mama ndiye aliyesema, si mimi. Alimweleza kwamba kile kitabu kina kwao, na kwamba mimi ndiye niliyekosa kwa kumwachia bila kumwambia hivyo. Mzee alituambia kwamba siku zote hizo alidhani nimekinunua. Alikwenda ndani akakileta kimefungwa ndani ya kanga, pamoja na karatasi mbili za daftari ambazo ameandika habari za baba yake mpaka pembeni, kwa wino ule ule wa buluu. Kabla ya kunikabidhi alikifungua mara moja zaidi.

Naondoka kesho na gari la alfajiri. Kitabu kitakuwa mapajani, Bwana Segera. Mzee ametutuma swali ambalo sikuweza kulijibu, nami nalileta kwa Mkutubi Mstaafu: anauliza mtu asiyesoma chuoni afanye nini ili aruhusiwe kuingia maktabani kukiangalia, na kama wanawapokea wazee.

Mkutubi Mstaafu

Wanawapokea. Mwambie aje na kitambulisho cha taifa, picha mbili za pasipoti na barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa au kijiji chake, ikieleza anachokuja kusoma. Maktaba nyingi huwatoza wasomaji wa nje ada kidogo, nao hawaazimi, husoma humo humo ndani. Kwa hiyo uliza kwanza ada ni kiasi gani kabla hajapanda gari. Kesho ukifika kaunta, nakili namba ya kitabu kama ilivyo mgongoni, na uulize watakiweka chumba gani, ili mzee asipandishwe ngazi bure.

Mjukuu wa Manamba

Dada, ukirudi nitumie ujumbe faraghani. Nitaisoma hiyo fomu ya ridhaa.